Tusinunue Hedifoni kwa Macho

Kila inapokaribia miezi ya Mei na Juni, maofisa wanaoshughulikia ununuzi katika wizara na mashirika ya Serikali hukaa kupanga mahitaji ya mwaka mpya wa fedha. Huandikwa karatasi, viti, kompyuta na mafuta ya jenereta. Na mahali fulani chini ya orodha, katika mstari mmoja mfupi, huandikwa: hedifoni, jozi kumi. Haielezwi zitakuwa za namna gani, zitavaliwa na nani, wala zitasikiliza nini. Mfanyabiashara anayeshinda zabuni huleta alizo nazo, na mara nyingi alizo nazo ni zile ambazo sanduku lake limepambwa kwa maandishi makubwa ya kusifu mdundo.

Msomaji ana haki ya kuuliza kama jambo hili linastahili nafasi katika safu hii, wakati yapo masuala ya karafuu, maji na usafiri wa baina ya Unguja na Pemba. Tunamwomba avumilie kidogo, kisha awatazame watu wanaovaa kifaa hicho kazini. Yupo mtangazaji wa redio na fundi wake. Yupo mwandishi wa kumbukumbu za mahakama au za Baraza la Wawakilishi, ambaye hurudia sauti iliyorekodiwa mara tatu, mara nne, mpaka apate neno kama lilivyosemwa. Yupo mhifadhi wa nyaraka anayehamisha santuri na kanda za zamani kabla hazijaharibika, na mtafiti anayesikiliza mazungumzo ya wazee wa Makunduchi au Tumbatu. Yupo mwanafunzi wa lugha, na yule wa muziki. Karibu wote hao wanasikiliza kitu kimoja, nacho ni sauti ya binadamu, au ala inayojaribu kuimba kama binadamu.

Kwa kazi ya namna hiyo, maoni yetu ni kwamba afisi za umma zinunue hedifoni ambazo vikombe vyake vimezibwa kabisa kwa nyuma, na ambazo sauti za kati zinasikika mbele ya zile nzito na zile nyembamba. Tutajitahidi kueleza maana ya maneno hayo na sababu zake.

Sikio zima la kijana husikia mitetemo kuanzia takriban 20 kwa sekunde hadi 20,000. Mafundi huita kila mtetemo mmoja kwa sekunde hezi moja. Chini ya hezi 250 hivi ndipo penye besi, yaani mdundo wa ngoma na mngurumo wa injini. Kuanzia hapo mpaka kama hezi 4,000 ni sauti za kati, na juu ya hapo ni zile nyembamba zinazometameta, kama njuga na matasa. Mipaka hiyo si ya kisheria, kila fundi huisogeza kidogo apendavyo. Lakini hapana anayebishana juu ya mahali inapokaa sauti ya mtu. Waliounda simu walipotaka kubana matumizi ya waya, waliamua kupitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, wakatupa zilizobaki, na dunia nzima ikaendelea kuzungumza, kugombana na kuposa kwa simu. Sikio lenyewe limeumbwa kwa kazi hiyo, maana tundu lake hukuza mitetemo ya karibu na hezi 3,000 kabla haijafika kwenye ngoma ya sikio.

Kwa nini basi besi inapendwa dukani? Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na W. A. Munson wa maabara za Bell, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo sikio hupoteza besi kwanza. Mnunuzi akivaa hedifoni dakika mbili, kwa sauti ya wastani, ile iliyoongezwa besi humjia nono na tamu, na ile iliyonyooka humjia kavu. Hununua nono. Baada ya wiki moja ya kuandika mashahidi wa kesi ndipo huanza kusumbuka, kwa kuwa besi ina tabia ambayo haiandikwi kwenye sanduku. Sauti nzito hufunika zilizo juu yake, kama wimbi linavyoficha ngalawa ndogo. Sauti nyembamba hazina nguvu hiyo juu ya nzito. Kadiri mdundo unavyoongezwa, ndivyo maneno yanavyozama.

Mfanyakazi anapokosa neno hufanya lile ambalo kila mmoja wetu angelifanya: hupandisha sauti. Hapa suala linatoka kwenye ubora wa kazi na kuingia kwenye afya yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka mpaka saa nne tu. Saa 40 ni wiki nzima ya kazi, na saa nne ni asubuhi moja. Anayelazimika kupandisha sauti ili asikie neno lililofunikwa na besi anatumia masikio yake kulipia uamuzi uliofanywa na mtu mwingine, na masikio hayana vipuri.

Lugha yetu nayo ina madai yake. Chukua shauri la mirathi ambamo shahidi anataja samani za nyumba. Mwandishi akisikia thamani ya nyumba, ameshabadilisha makabati na vitanda kuwa mali yote. Chukua mtu aliyemdhamini mwenziwe, akaandikwa kuwa alimthamini: wa kwanza ana wajibu mbele ya hakimu, wa pili ana mapenzi tu. Anayevua na anayefua wanatofautishwa na herufi moja. Tofauti ya s na th hukaa juu kabisa ya sauti za kati na kupanda kwenye zile nyembamba. Ndiyo maana katika simu, ambayo hukata kwenye hezi 3,400, mtu hulazimika kutaja jina lake herufi kwa herufi. Tofauti ya f na v inahitaji pia mvumo mdogo wa chini unaotoka kooni. Kwa hiyo tusemapo sauti za kati ziwe mbele, hatusemi kingo mbili zikatwe. Tunasema zikae nyuma ya msemaji, zimsaidie.

Wazee wa visiwa hivi, hasa katika lahaja zetu za mashamba, wana tofauti nyingine ambayo maandishi yetu hayaionyeshi kabisa. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini yule wa pili hutamkwa kwa pumzi inayofuata midomo inapofunguka. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Katika sentensi ya kawaida upatanisho wa maneno hutuokoa. Mtafiti wa lahaja hana msaada huo, kwa kuwa anachokitafuta ni ile pumzi yenyewe, kitu chepesi cha sehemu ndogo sana ya sekunde. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekwisha chapa makamusi ya Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na kazi ya kusikiliza wazee haijamalizika. Hatuoni vipi kazi hiyo itafanywa kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kutikisa fuvu.

Inafaa kukumbuka kwamba hedifoni haikuzaliwa kwa starehe. Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah aliziunda jikoni kwake na mwaka 1910 jeshi la majini la Marekani likawa mteja wake, ili mabaharia waweze kunasa ishara dhaifu za redio. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer mjini Berlin ilitoa hedifoni iliyoitwa DT 48, yenye vikombe vilivyozibwa na sauti iliyokaa katikati. Ikaendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70, ikitumiwa na watu wa redio na hata na madaktari wa masikio kupimia usikivu wa wagonjwa. Muziki wa kusikiliza nyumbani ulifuata baadaye, hasa tangu John Koss wa Milwaukee alipoonyesha hedifoni zake za stirio mwaka 1958. Mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, ya kwanza kuachwa wazi kwa nyuma, na watu wakaipenda mno kwa wepesi wake na kwa jinsi muziki ulivyoonekana kutoka nje ya kichwa.

Hedifoni za wazi ni nzuri kwa mtu mwenye chumba kimya. Afisi zetu hazina vyumba vya namna hiyo. Dirisha likifungwa ni joto, likifunguliwa ni bodaboda, muuza juisi na adhana ya misikiti mitatu kwa pamoja. Juu ya kichwa feni, uani jenereta. Hedifoni ya wazi huyaingiza yote hayo. Tena huvujisha sauti nje, na uvujaji huo una madhara mawili ambayo maofisa wa ununuzi hawana budi kuyajua. La kwanza ni studioni: sauti inayotoka kwenye kikombe cha mtangazaji huingia tena katika maikrofoni iliyo mbele yake, ikaleta mwangwi, na pengine mlio mkali unaowafanya wasikilizaji kuruka. La pili ni siri. Mwandishi anayesikiliza ushahidi wa mtoto katika kesi ya udhalilishaji hana haki ya kumgawia mwenzake wa meza ya pili, wala mgeni aliyekuja kufuata barua yake. Vikombe vilivyozibwa hulinda heshima ya watu ambao hawatajua kamwe kwamba walilindwa.

Ni kweli kwamba kuziba nyuma hakuzuii kila kitu. Kelele nyembamba, kama mazungumzo na honi, huzuilika vyema kuliko mngurumo wa jenereta, ambao hupenya. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutoongeza besi ndani wakati nje ipo ya kutosha. Zipo siku hizi hedifoni zenye maikrofoni ndogo ndani yake, zinazotengeneza sauti ya kinyume ili kuua mngurumo. Kwa abiria wa ndege ni neema. Kwa kazi ya afisi zinahitaji betri, nyingi hubadilisha sauti kwa hesabu zao wenyewe, na zile zisizo na waya huchelewesha sauti nyuma ya picha. Waya wa kawaida una sifa kubwa moja, kwamba ukikatika kila mtu anaona umekatika.

Tumegusa santuri za zamani, na pale hoja yetu ndipo inapopata nguvu zaidi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenzake, wakarekodi kwa ajili ya HMV. Mitambo ya umeme ya enzi hizo, iliyoanza kutumika mwaka 1925, haikunasa mengi chini ya hezi 100 wala juu ya hezi 5,000. Maana yake ni kwamba karibu kila kilichobaki cha Siti katika santuri zile kimo katika sauti za kati: herufi zake, pumzi zake, fidla inayomjibu, udi unaomsindikiza. Chini ya hapo mna mngurumo wa meza inayozungusha santuri. Juu ya hapo mna mikwaruzo. Fundi anayehamisha santuri hiyo kwa hedifoni zilizoongezwa besi na wembamba anakuza mngurumo na mikwaruzo kwa pamoja, naye bibi mwenyewe amesukumwa nyuma ya pazia. Kisha, kwa nia njema kabisa, fundi huyo huanza kurekebisha kwenye kompyuta kasoro ambazo hazimo kwenye santuri, zimo kichwani mwake. Nakala hiyo ndiyo itakayobaki, kwa sababu santuri haihamishwi kila mwaka.

Wapo mafundi wanaotupinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kifaa cha kazi kisipendelee upande wowote, na kwamba kusogeza mbele sauti za kati ni kusema uongo sawa na kuongeza besi. Anayechanganya muziki wa taarabu ya kisasa, wenye gitaa la besi na ngoma za umeme, tunakubali asitegemee hedifoni tunazozisifu hapa. Na hukumu yake ya mwisho aitoe kwenye spika. Lakini mwandishi wa kumbukumbu hachanganyi muziki. Tena kati iliyosogezwa mbele ina kipimo chake. Ikizidi karibu na hezi 1,000, msemaji huwa kama amejifungia ndani ya debe. Ikizidi karibu na hezi 3,000, sauti hupiga kelele na masikio huchoka kabla ya saa sita mchana. Tunachotaka ni msemaji aliyesogeza kiti chake hatua moja, asiyekuja kutupigia kelele usoni.

Hatuna biashara na kampuni yoyote, lakini mifano husaidia. Sony MDR-7506, iliyotolewa mwaka 1991, imezibwa nyuma na huyaweka maneno wazi sana, ingawa kwa juu ina ukali unaowachosha baadhi ya watu. Kwa miaka mingi imeuzwa Marekani kwa takriban dola 100. Sennheiser HD 25 ya mwaka 1988 ni ndogo, hukaa juu ya sikio bila ya kulizunguka, besi yake imeinuliwa kiasi lakini sauti ya mtu iko mbele, na karibu kila kipande chake hufunguliwa na kubadilishwa. Beyerdynamic DT 770, ya mwaka 1985, imezibwa nayo na ina sifa njema ya uimara. Hata hivyo imeinua besi na wembamba na kuirudisha kati nyuma, kwa hiyo jina kubwa peke yake lisimshawishi mtu. Hiyo hiyo huuzwa kwa namna za omu 32, 80 na 250. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na namna ya omu 250 ikichomekwa kwenye simu au kompyuta isiyo na amplifaya nzuri hutoa sauti ndogo. Ofisa asiyejua hilo atadhani ameuziwa mbovu.

Kisha kuna hewa yetu. Mito ya vikombe iliyofunikwa ngozi ya bandia huchubuka kwa joto, jasho na unyevu, na katika visiwa hivi haingoji muda mrefu. Mto ukishapasuka kikombe hakizibi tena vizuri, sauti ikabadilika, na kifaa kinatupwa kwa sababu ya kipande cha bei ndogo. Mito ya kitambaa hustahimili jasho vizuri zaidi, lakini huzuia kelele kidogo zaidi. Kwa vyovyote, hedifoni isiyouziwa mito ya akiba isinunuliwe.

Wafanyakazi wengi katika afisi hizi ni kina mama na dada zetu wanaovaa ushungi, na wanaume wengi wana kofia au miwani. Kitambaa kikipita baina ya mto na sikio hufungua upenyo, besi huvuja, kelele za nje huingia. Watengenezaji wa Japani na Ujerumani hawakulifikiria hilo, na hatuwalaumu. Anayenunua Zanzibar ndiye anayepaswa kulifikiria. Hedifoni ijaribiwe na mtu aliyevaa kama anavyovaa kazini, asiombwe kuvua kitu.

Tunapendekeza basi kwamba kabla ya mkataba kutiwa saini, mfanyabiashara alete jozi moja ya kila namna anayotaka kuuza. Majina ya kampuni yafunikwe kwa kitambaa. Pachezwe, kwa sauti ndogo, sauti ya mwanamme, ya mwanamke na ya mzee aliyerekodiwa chini ya mwembe upepo ukivuma, wakisoma maneno ya kutatanisha kama samani na thamani, fua na vua, kisa na kisha, suka na shuka. Wale watakaozitumia waandike wanachosikia, na makosa yahesabiwe. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja, haihitaji mtaalamu kutoka nje, na matokeo yake hayabishaniwi, kwa kuwa yameandikwa kwa mkono wa mtumiaji mwenyewe. Bodi ya zabuni ikiwa na karatasi hizo mezani itakuwa na sababu ya kukataa jozi ya bei rahisi isiyofaa, na pia ya kukataa ile ya bei kubwa isiyofaa.

Na zitakazokwenda Pemba zijaribiwe Pemba, Chake Chake au Wete, na watu watakaozivaa huko, wakisikiliza Kipemba.